Unitas, Montana, Brady, Mahomes: tunawapimaje makotabeki wa zama tofauti?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Dallas na familia yangu, na kila Jumapili ya msimu wa futiboli ya Kimarekani nyumba inagawanyika. Mwanangu wa miaka 15 anasema Tom Brady alishafunga mjadala kwa pete zake 7 za ubingwa. Jirani yetu, mzee aliyekulia Baltimore, hataki kusikia jina jingine zaidi ya Johnny Unitas. Mimi nilivutwa na mchezo huu kwa sababu ya Patrick Mahomes. Nilipochungulia takwimu nikakuta alama ya Unitas kwa maisha yake yote ya uchezaji ni 78.2, na nikaambiwa mtu mwenye alama hiyo leo anakaa benchi. Je, mzee wetu anasukumwa na mapenzi tu? Ipo njia ya haki ya kuwalinganisha watu waliopishana miaka 50? Na Mahomes atampita Brady?

JIBU: Marahaba, mama. Mzee wa Baltimore ana hoja, na hoja yenyewe inaanzia hapohapo kwenye 78.2.

Alama hiyo ya mtupaji, yaani kotabeki, mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, ilianza kutumiwa na NFL, ligi kuu ya mchezo huu, mwaka 1973. Kamati iliyoongozwa na Don Smith, wa Ukumbi wa Mashujaa wa mchezo huo, iliangalia mambo manne: pasi ngapi kati ya mia zimemfikia mwenzake, kila pasi iliyotupwa imeleta yadi ngapi, ngapi zimezaa tachidauni (mpira kufikishwa mwisho wa uwanja wa wapinzani), na ngapi zimenaswa na wapinzani. Vinne hivyo vinachanganywa na kutoa namba moja, ambayo haiwezi kuzidi 158.3. Walioitunga fomula waliipanga kwa kutazama uchezaji wa miaka ya 1960, ili kotabeki wa kiwango cha kati apate kama 66.7. Leo wastani wa ligi nzima unacheza karibu na 90. Kwa hiyo Unitas mwenye 78 alikuwa juu kabisa ya watu aliopambana nao, ilhali mwenye 78 leo yuko chini sana ya wenzake. Namba ni ileile, habari ni mbili.

Mfano wenye kuchekesha zaidi ni Joe Namath wa New York Jets. Alama yake ya jumla ni 65.5. Alitupa tachidauni 173 na kunaswa mara 220. Kotabeki wa leo mwenye hesabu hiyo asingemaliza mwaka wake wa pili. Lakini mwaka 1967 huyuhuyu Namath alirusha yadi 4,007, mtu wa kwanza kuvuka 4,000, tena katika msimu wa michezo 14. Msimu ulibaki wa michezo 14 kwa miaka kumi zaidi na hakuna mwingine aliyefika hapo.

Ili kuelewa kwa nini namba zilipanda hivyo, tazama mwaka 1978. Msimu wa 1977 ulikuwa mkavu kweli: timu moja ilipata wastani wa pointi 17.2 kwa mchezo, na mashabiki walianza kuchoka. Walinzi wa nyuma, hasa Mel Blount wa Pittsburgh Steelers, walikuwa na ruhusa ya kumsukuma na kumgonga mpokeaji, yule anayekimbia kudaka pasi, uwanja mzima maadamu mpira haujarushwa. Mpokeaji alifika mwisho wa mbio zake amechelewa na amepinda, na kotabeki akawa anatupa kwa kubahatisha. Ligi ikabadilisha kanuni mbili kwa mpigo. Kwanza, mlinzi akakatazwa kumgusa mpokeaji akishavuka yadi 5 kutoka mstari wa kuanzia. Pili, wale majitu wa safu ya mbele wanaomkinga kotabeki wakaruhusiwa kunyoosha mikono na kufungua viganja. Ya kwanza iliwafungua wapokeaji, ya pili ikampa kotabeki sekunde moja ya ziada, na katika kazi hii sekunde moja ni mali nyingi. Mwaka huohuo msimu ukaongezwa kutoka michezo 14 hadi 16. Kuanzia 2021 ni 17. Unitas alianza wakati msimu una michezo 12.

Kisha ukaja mwaka 2004. Januari ya mwaka huo New England Patriots ya Brady iliifunga Indianapolis Colts ya Peyton Manning 24–14 kwenye fainali ya kanda, mchezo wa kuamua nani aingie fainali kuu, na mlinzi Ty Law akanasa pasi 3 za Manning. Walinzi wa Patriots walikuwa wamewashikashika wapokeaji siku nzima. Ligi haikutunga kanuni mpya. Iliwaambia tu waamuzi waitekeleze ile ya 1978 bila huruma. Msimu uliofuata Manning akatupa tachidauni 49, rekodi. Na Brady, ambaye timu yake ndiyo iliyosababisha ukali huo, alikula matunda yake kwa miaka 18.

Jambo jingine ni mwili. Januari 1991, kwenye fainali ya kanda dhidi ya New York Giants, Leonard Marshall alimfuata Joe Montana, kotabeki wa San Francisco 49ers, kwa nyuma na kumgonga akasambaratika. Refa hakupuliza kitu. Montana hakucheza msimu mzima uliofuata, na ule mwingine alionekana mwishoni tu. Sasa nenda Septemba 2008: Brady anaumizwa goti katika mchezo wa kwanza wa msimu, na mwaka uliofuata ligi inaweka wazi kwamba mlinzi aliye chini haruhusiwi kujirusha kwenye miguu ya kotabeki. Sisemi Brady alibebwa. Nasema kwamba kucheza hadi miaka 45 kusingewezekana katika ligi aliyochezea Unitas, ambayo hadi 1977 ilimruhusu mlinzi kumpiga makofi ya kichwa mtu aliye mbele yake ili ampite. Unitas alicheza hadi 40, lakini kuanzia 1968, alipoumia kiwiko cha mkono wa kurushia, hakuwa tena yule mtu.

Sasa njia ya haki. Wengi wetu tunaofanya kazi ya takwimu tunakubaliana juu ya hatua ya kwanza: mpime mtu kwa umbali aliowaacha wenzake wa zama zake, chini ya kanuni walizocheza wote. Hakuna Mtanzania anayemwita Filbert Bayi mkimbiaji wa kawaida eti kwa sababu dakika 3 na sekunde 32.16 alizokimbia mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974 zimeshapitwa na wengi. Ilikuwa rekodi ya dunia, juu ya viatu na mazoezi ya siku zake.

Kwa kipimo hicho, msimu unaonishangaza kuliko yote ni wa Dan Marino wa Miami Dolphins, 1984. Rekodi ya tachidauni za pasi kwa msimu ilikuwa 36, imekaa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Marino, akiwa katika mwaka wake wa pili tu, alitupa 48. Aliyemfuata mwaka ule, Dave Krieg wa Seattle, alikuwa na 32. Akarusha pia yadi 5,084 wakati hakuna binadamu aliyewahi kufika 5,000, na baada yake ikachukua hadi 2008 mwingine kufika. Mwaka 2011 peke yake walifika watatu. Manning alipotupa 55 mwaka 2013 aliivuka rekodi ya Brady kwa 5. Marino aliivuka ya waliomtangulia kwa 12. Mwanao akikuambia Marino hana hata pete moja, ni kweli. Januari 1985 alikutana na Montana kwenye Super Bowl, fainali kuu ya NFL, San Francisco 49ers wakashinda 38–16, na hakurudi tena fainali hadi anastaafu. Hilo halifuti alichokifanya mwaka ule.

Unitas naye? Msimu wa 1959 alitupa tachidauni 32 katika michezo 12. Ukiuvuta mwendo huo hadi michezo 17 ya leo unapata kama 45. Na kuanzia 1956 hadi 1960 alitupa angalau tachidauni moja katika michezo 47 mfululizo, rekodi iliyodumu hadi Drew Brees alipoivunja mwaka 2012. Fikiria mapinduzi yote ya pasi niliyoyataja hapo juu, 1978 na 2004, na bado rekodi ya mtu wa mwaka 1960 ikawa imesimama. Kwangu mimi huo ndio ushahidi mzito kuliko wote wa upande wa jirani yenu.

Lakini kipimo cha kuwaacha wenzako kina ugonjwa wake, nao usipoutaja unadanganya watu. Kinategemea wenzako ni akina nani. Mwaka 1943 Sid Luckman wa Chicago Bears alitupa tachidauni 28 katika pasi 202, yaani karibu pasi 14 katika kila 100 zilizaa tachidauni. Hakuna anayekaribia hapo leo. Ila 1943 vita vilikuwa vimewachukua vijana wengi kiasi kwamba Pittsburgh na Philadelphia ziliunganishwa zikacheza kama timu moja. Luckman alikuwa mkubwa kwelikweli, lakini umbali ule aliowaacha wenzake ulirefushwa na jeshi.

Na kuna waliofungiwa mlango kabisa. Kuanzia 1934 hadi 1945 NFL haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja. Mlango ulipofunguliwa kwa nafasi nyingine, ule wa kotabeki ulibaki na kufuli, kwa imani ya kipuuzi kwamba mtu mweusi anaweza kukimbia lakini hawezi kufikiri kwa niaba ya timu. Marlin Briscoe alianza kama kotabeki wa Denver mwaka 1968 na kufanya vizuri. Mwaka uliofuata alikuwa Buffalo, amefanywa mpokeaji. Warren Moon alitoka chuo kikuu mwaka 1978 akiwa mchezaji bora wa Rose Bowl, mchezo mkubwa wa vyuo, na hakuna timu ya NFL iliyomchagua, kwa kuwa alikataa kubadilishwa nafasi. Akaenda Kanada, akachukua ubingwa mara 5 mfululizo na Edmonton, na NFL ikamkumbuka mwaka 1984, akiwa na miaka 27. Hata hivyo alirusha yadi 49,325 katika ligi hiyo. Ukijumlisha za Kanada zinavuka 70,000. Huwa nawauliza wanaopanga orodha za wakubwa wa miaka ya 1950 na 1960: je, walishindana na kila mtu, au na wale tu walioruhusiwa kuingia? Doug Williams alikuwa kotabeki wa kwanza mweusi kushinda Super Bowl, Januari 1988, kwa tachidauni 4 ndani ya robo moja, na ilikuwa lazima tusubiri hadi Februari 2023 ndipo tuone fainali yenye makotabeki weusi pande zote mbili, Mahomes na Jalen Hurts. Kwa hoja hii, Mahomes na Brady wamepimwa kwa mizani kali kuliko Unitas. Mzee asinichukie.

Sasa pete, silaha ya mwanao. Kama pete zinamaliza mjadala, basi mwambie amtafute Otto Graham wa Cleveland Browns. Miaka 10 ya kucheza, 1946 hadi 1955, fainali 10, ubingwa mara 7: mara 4 katika AAFC, ligi iliyoshindana na NFL siku zile, na 3 katika NFL yenyewe. Idadi ni ileile ya Brady, kwa chini ya nusu ya misimu. Kila pasi aliyorusha Graham ilileta wastani wa karibu yadi 9, na hakuna aliyempita katika hilo hadi leo. Mbona hatumweki wa kwanza? Kwa sababu siku zile bingwa kwa kawaida alihitaji kushinda mchezo mmoja baada ya msimu, ligi ilikuwa na timu chache, mchezaji hakuwa na haki ya kuhama, na kikosi kizuri kilibaki pamoja mwaka baada ya mwaka. Zaidi ya hapo, kocha Paul Brown ndiye aliyekuwa akichagua kila mbinu na kuituma uwanjani kwa mdomo wa mchezaji aliyeingia.

Unitas alijichagulia mwenyewe. Tarehe 28 Desemba 1958, pale Yankee Stadium, Colts, timu ya Unitas iliyokuwa Baltimore wakati huo, wako nyuma ya Giants 17–14 na dakika zinayoyoma. Unitas anamtafuta Raymond Berry mara tatu mfululizo, timu inasawazisha kwa teke zikiwa zimebaki sekunde 7, na katika muda wa nyongeza anaiongoza kwa yadi 80 hadi ushindi wa 23–17. Hakuna redio kichwani mwake. Ruhusa ya kocha kuongea ndani ya kofia ya kotabeki ilikuja mwaka 1994. Kila uamuzi ni wake. Kazi aliyokuwa akiifanya ni nusu kotabeki, nusu kocha, na sehemu hiyo ya pili haimo kwenye alama ya 78.2. Haimo kabisa.

Brady, kwa upande wake, alishinda katika mazingira ambayo yametengenezwa ili bingwa asidumu. Tangu 1994 kuna ukomo wa mishahara: timu ikishinda, wachezaji wake wanapanda bei na hawashikiki tena. San Francisco ya Montana haikuwa na ukomo huo. Ilimweka Steve Young benchi miaka 4 akisubiri, anasa ambayo leo timu chache zinaimudu. Wanaompinga Brady wana karata moja nzuri, nayo ni 2008: alipoumia goti, Matt Cassel akaingia na Patriots wakashinda michezo 11 kati ya 16. Wanasema ni timu, ni kocha Bill Belichick. Ni kweli pia kwamba katika pete yake ya kwanza, Februari 2002, Brady alirusha yadi 145 tu, na ulinzi pamoja na teke la Adam Vinatieri ndivyo vilivyobeba mzigo. Lakini karata hiyo ilichanwa mwaka 2020. Brady alihamia Tampa Bay akiwa na miaka 43, akachukua ubingwa mwaka wa kwanza kwa kuifunga Kansas City ya Mahomes 31–9, na Patriots waliobaki na Belichick wakashinda michezo 7 na kupoteza 9.

Kwa hiyo nijibu bila kujificha. Kwa kazi nzima ya maisha, Brady ni wa kwanza, na mwanao ameshinda ingawa kwa hoja dhaifu. Yadi 89,214 na fainali 10 katika zama za ukomo wa mishahara ni hoja bora kuliko idadi ya pete peke yake. Unitas namweka wa pili, juu ya Montana, na najua 49ers watanipigia kelele. Sababu yangu ni kwamba Montana aliingia katika mfumo uliokwisha kufikiriwa na kocha wake Bill Walsh, mfumo wa pasi fupi za haraka, akaucheza kuliko yeyote. Unitas aliibuni kazi huku akiifanya. Ila ukiniambia kuna mchezo mmoja, kesho, na roho za watu ziko rehani, namchukua Montana. Katika Super Bowl zake 4 alirusha pasi 122, tachidauni 11, hakunaswa hata mara moja, na zote 4 alishinda. Marino ana msimu mmoja bora kuliko wote. Graham na Manning wanagombania nafasi ya nne, na siku nyingine nawabadilisha.

Na Mahomes wako? Akiwa na miaka 29, yaani kufikia Februari 2025, alikuwa na ubingwa mara 3 na fainali 5, na kila msimu tangu awe kotabeki wa kwanza wa timu, misimu 7 mfululizo, alikuwa amefika angalau fainali ya kanda. Brady alipokuwa na umri huo alikuwa na ubingwa 3 vilevile. Kwa kipaji cha mkono, kurusha akiwa anakimbia, mwili umegeukia upande mwingine, sijaona wa kumlinganisha naye. Fran Tarkenton alikimbiakimbia hivyo miaka ya 1960 na 1970, lakini hakuwa na mkono huo. Tatizo la Mahomes ni nusu ya pili ya safari. Kati ya pete 7 za Brady, 4 alizichukua akiwa na miaka 37 au zaidi, umri ambao makotabeki wengi wakubwa wameshakuwa watangazaji wa televisheni. Mahomes alizaliwa Septemba 1995, kwa hiyo atafikisha miaka 43 ya Brady wa Tampa katika mwezi wa kwanza wa msimu wa 2038, na mwanao wakati huo atakuwa karibu na umri alionao Mahomes sasa.